Kituo hakishiki mawimbi ya leza: jinsi ya kutafuta kosa kuanzia dalili

Ujumbe kwamba ulandanishi (kuoanisha saa ya kipokezi na mapigo ya mwanga yanayofika) umeshindikana, ukitokea kwenye skrini ya kipokezi cha leza, hausemi mengi. Unaweza kuletwa na wingu, kebo iliyobadilishwa juzi, jedwali la mwendo lililoandikwa kwa kipimo kingine cha wakati, au ndege ya abiria iliyopita juu ya kituo cha mbali dakika arobaini zilizopita. Wengi hukimbilia saa ya kituo kwanza. Kwa maoni yangu saa iwe ya mwisho kushukiwa. Saa ya atomi haiharibiki ovyo, ilhali anga hubadilika kila dakika, na mipangilio inayoingizwa kwa mkono hukosewa na watu wenye uzoefu kama wanaoanza.

Mwongozo huu unafuata mfumo mmoja halisi, DSOC, kifaa cha NASA cha kujaribu mawasiliano ya leza kutoka anga za mbali, kilichoondoka duniani na chombo cha Psyche tarehe 13 Oktoba 2023. Majaribio yake yalifungwa Septemba 2025. Nimeuchagua kwa sababu umbali wake haufichi kosa hata dogo. Vyombo vinavyozunguka Dunia kwa karibu vina matatizo ya namna nyingine, nayo nitayagusa mwishoni.

Mfumo wenyewe kwa ufupi, kama ulivyokuwa ukifanya kazi

Leza ya kuongozea, yenye urefu wa wimbi wa nanomita 1,064, hurushwa kutoka OCTL, maabara ya NASA ya mawasiliano ya leza iliyoko Table Mountain, California. Chombo kikiiona hujilenga kwayo, kisha huteremsha data kwa leza ya nanomita 1,550 yenye wastani wa wati 4, kupitia darubini ya sentimita 22. Huku chini mwanga hudakwa na darubini ya Hale ya mita 5.1 iliyoko Palomar, takriban kilomita 130 kusini mwa Table Mountain. Kigunduzi chake ni nyuzi nyembamba mno zilizopozwa hadi karibu Kelvin 1, ambazo hupitisha umeme bila ukinzani hadi pale fotoni moja, yaani chembe moja ya mwanga, inapozigusa.

Data imo katika wakati wa pigo, yaani mmweko mfupi wa leza. Muda hukatwa vipande vidogo vinavyolingana, tuviite nafasi. Katika kundi la nafasi 16, 32, 64 au 128, leza huwaka mara moja tu, na nafasi iliyowaka ndiyo data yenyewe. Pigo katika nafasi moja kati ya 16 hubeba biti 4; katika moja kati ya 128 hubeba biti 7. Kila kundi hufuatwa na nafasi tupu za ulinzi, idadi yake robo ya kundi. Nafasi hizo hazibebi chochote na zinakula muda, lakini ndizo zinazomwonyesha mpokeaji kundi linaanzia wapi.

Kipokezi hushika kwa ngazi: kwanza mwanga, halafu nafasi, halafu kundi, halafu fungu la msimbo wa kusahihisha makosa, na mwisho fremu za data. Ngazi ya juu haiponi ya chini ikiwa mbovu. Kwa hiyo usianze na lile linalopiga kelele kwenye skrini. Shuka hadi ngazi ya chini kabisa iliyovunjika.

Kwanza, soma logi ya wakati sahihi

Hili ndilo linalopoteza saa nyingi kuliko kosa lolote la kiufundi. Chombo kikiwa umbali wa kilomita milioni 350, mwanga huchukua takriban dakika 19 na nusu kufika. Leza ya kuongozea ikikatika saa 02:00 UTC (wakati wa kimataifa), chombo kitalijua hilo saa 02:19 na ushee, na athari yake utaiona Palomar karibu saa 02:39. Mhandisi anayefungua logi ya saa 02:39 atakuta kila kitu kizima: anga safi, leza inawaka, darubini imetulia. Ataanza kufungua vifaa ambavyo havina kosa.

Kwa hiyo kila tukio la upande wa kushuka lina nyakati mbili za kukaguliwa: wakati lilipoonekana, na wakati huo ukitoa safari nzima ya kwenda na kurudi. Tarehe 3 Desemba 2024 kifaa hiki kiliwasiliana kutoka kilomita milioni 494, na hapo safari nzima ilikuwa takriban dakika 55. Andika tofauti ya siku hiyo kwa kalamu nene juu ya meza kabla zamu haijaanza. Iwe kwa dakika na sekunde, maana umbali hubadilika na namba ya wiki iliyopita haifai tena.

Kukatika kwa leza ya kuongozea si lazima kuwe hitilafu. Leza yenye nguvu ya kilowati kadhaa hairuhusiwi kumulika ndege wala kupita ovyo kwenye njia za setilaiti, kwa hiyo huzimwa kwa makusudi kila mara kitu kinapokaribia mwale. Ukiona pengo dogo lenye kingo kali kwenye data inayoshuka, tafuta kwenye logi ya usalama ya Table Mountain, safari moja nzima nyuma. Pengo lenye kingo laini linanuka wingu, na wingu la Palomar halina ucheleweshaji wowote: limetokea sasa hivi juu ya kichwa chako.

Chora histogramu kabla ya kugusa kitu

Kipokezi huipa kila fotoni muhuri wa muda. Chukua mihuri ya milisekunde chache, igawe kwa urefu wa kundi pamoja na nafasi zake za ulinzi, acha majibu, chukua mabaki, kisha hesabu mabaki mangapi yameangukia kila nafasi. Chati ya hesabu hiyo ndiyo histogramu.

Tuchukue mpangilio wa kasi kubwa: kundi la nafasi 16, kila nafasi nusu nanosekunde, msimbo wa theluthi mbili (theluthi mbili za biti ni data, zilizobaki ni za kusahihisha makosa). Ukiongeza nafasi 4 za ulinzi unapata nafasi 20, yaani nanosekunde 10. Biti 4 mara theluthi mbili ni biti 2.67 kila nanosekunde 10, ambayo ni megabiti 267 kwa sekunde. Kasi hiyo ndiyo iliyotumika tarehe 11 Desemba 2023 kuteremsha video ya paka Taters kutoka karibu kilomita milioni 31. Hesabu hii ndogo inafaa kurudiwa kila unapopewa mpangilio mpya. Kasi iliyotangazwa isipotoka sawasawa kwenye hesabu, kuna mtu ameandika namba isiyo yake, na umelijua hilo kabla hujawasha chochote.

Mfumo ukiwa mzima, histogramu hiyo ina uwanda wa nafasi 16 na bonde la nafasi 4. Uwanda uko sawa kwa sababu data imechanganywa, kila nafasi ina bahati yake. Bonde ni zile nafasi za ulinzi. Sasa lisome bonde. Likiwa lipo lakini mahali tofauti na unapolitarajia, nafasi zimeshikwa ila mwanzo wa kundi umekosewa, na dawa yake ni kuusogeza mwanzo tu. Likiwa na kuta zilizolala, saa mbili zinateleza, au kuna mtetemo wa muda mahali fulani. Likiwa na kuta zilizosimama lakini sakafu yake imepanda, umeingiliwa na mwanga wa nje. Ukiona mabonde mawili au zaidi, karibu hakika umetumia ukubwa wa kundi usio wake.

Na histogramu ikiwa bapa kabisa? Usiseme bado kwamba hakuna chombo. Kosa la sehemu moja tu kwa milioni kati ya saa yako na saa inayofika husogeza mapigo nanosekunde 10 katika milisekunde 10. Katika mpangilio huu hilo ni kundi zima, kwa hiyo bonde limezungushwa likafutika. Rudia kwa dirisha la nusu milisekunde. Fotoni zikiwa chache mno kwa dirisha fupi, baki na lile refu lakini jaribu marekebisho ya kasi ya saa hatua kwa hatua, kutoka pungufu ya sehemu 3 kwa milioni hadi ziada ya 3, kila hatua sehemu 0.02. Bonde likichomoza mahali popote kwenye mstari huo, umepata ukubwa wa kosa, na ukubwa huo peke yake mara nyingi humtaja mkosaji.

Dalili: fotoni hazizidi mwanga wa mandhari

Anza na yale ya aibu. Kifuniko, kuba, kichujio kilichosahauliwa njiani, kigunduzi ambacho hakijapoa vya kutosha. Elekeza darubini kwenye nyota angavu iliyo karibu na njia ya chombo. Ukiiona nyota mahali pake, darubini na kigunduzi wameondoka kwenye orodha ya washukiwa.

Baada ya hapo shuku majedwali. Darubini ikiendeshwa kwa jedwali la azimuthi (pembe ya upande kutoka kaskazini) na mwinuko, kosa la kipimo cha wakati huitupa mbali, maana anga huzunguka sekunde 15 za tao kila sekunde. Wakati wa GPS umetangulia UTC kwa sekunde 18 tangu 2017. Wakati wa atomi wa kimataifa umetangulia kwa sekunde 37. Wakati unaotumiwa na mahesabu ya sayari umetangulia kwa sekunde 69.184. Ukichanganya UTC na huo wa mwisho unakosea takriban dakika 17 za tao, zaidi ya nusu ya upana wa Mwezi mpevu. Nikiona kosa lolote la muda lililo karibu na namba hizo tatu siulizi swali lingine hadi nione kichwa cha faili la jedwali.

Kama darubini iko mahali pake na bado kuna giza, basi ama chombo hakioni leza ya kuongozea, ama kinaiona na kinarusha pembeni.

Kutoiona kuna sababu moja inayosahaulika: Dunia yenyewe inang'aa. Kamera ya chombo inayotafuta leza inaona pia mwanga wa Jua uliorudishwa na mawingu na bahari. Ndiyo maana leza ya kuongozea huwashwa na kuzimwa kwa mdundo maalumu, ili programu ya chombo ichuje kinachopigapiga na kutupa kinachong'aa tu. Mdundo ukitoka na mpangilio tofauti na ule unaosubiriwa kule juu, leza inaweza kuwa na nguvu tele na chombo kikaihesabu kuwa sehemu ya mandhari. Linganisha mdundo uliotoka kwa kweli, uliopimwa kwa kigunduzi kidogo kwenye njia ya mwale, na ule uliopakiwa chomboni. Usiridhike na faili la mpangilio.

Kurusha pembeni ndiko kwenye utamu. Mwale wa darubini ya sentimita 22 kwa nanomita 1,550 una upana wa takriban mikroradiani 7. Chombo hakiwezi kurusha pale kinapoona leza ya kuongozea, maana leza hiyo imetoka Duniani zamani kidogo na data itafika baadaye kidogo. Ni kama kumpa mpira mwenzako anayekimbia: unaupeleka atakapokuwa. Kwa kasi ya pembeni ya kilomita 20 kwa sekunde, pembe ya kulenga mbele ni takriban mikroradiani 133, karibu upana wa mwale mara 19. Alama ya kujumlisha ikigeuzwa kuwa ya kutoa, kosa linakuwa mara mbili ya hiyo. Utaona giza totoro ilhali taarifa za chombo zinazokuja kwa redio zinasema kila kitu kimeshika. Mseto huo ndio dalili yenyewe: chombo kinaripoti leza ya kuongozea imeonekana na imara, na ardhini hakuna fotoni hata ya dawa.

Kuna kosa dogo la kundi hilohilo linaloonekana chombo kikiwa karibu, si kikiwa mbali, na hapo ndipo watu huchanganyikiwa. Anayemulika ni Table Mountain, anayepokea ni Palomar, na kati yao ni kilomita 130. Tarehe 14 Novemba 2023, mawasiliano ya kwanza yalipofanyika kutoka karibu kilomita milioni 16, kilomita hizo 130 zikitazamwa kwa upana wake ni pembe ya takriban mikroradiani 8. Mwale hauzidi 7. Chombo kikilenga kwa hesabu kamili ya kulenga mbele lakini kikasahau kwamba mpokeaji si mmulikaji, doa lake la takriban kilomita 110 linaangukia jirani. Kwa kilomita milioni 350 doa limekua hadi karibu kilomita 2,500 na kosa hilohilo halionekani tena. Wagiriki wana vituo vilivyokaribiana zaidi: Julai 2025 shirika la anga la Ulaya, ESA, liliwasiliana na Psyche kwa kumulika kutoka Kryoneri na kupokea Helmos, mlima wa jirani, kutoka kilomita milioni 265. Kwa umbali huo tofauti ya vituo haina uzito, lakini haifai kuondolewa kwenye programu kwa sababu hiyo. Chombo kijacho kinaweza kuwa njiani kwenda Mwezini.

Namna ya kupima: usiombe chombo kisogee, usubiri jibu, uombe tena. Kila swali ni dakika 39. Panga msururu mzima wa miondoko midogo ya mwale, kila mmoja na muhuri wake wa muda, upakie mara moja, kisha ukae na hesabu ya fotoni uone ni mwondoko upi ulioangaza Palomar.

Dalili: fotoni zipo za kutosha, bonde halitokei

Hapa tatizo ni kasi ya saa inayofika, na sehemu kubwa ya kasi hiyo ni Doppler, yaani mabadiliko yanayoletwa na mwendo wa chombo. Chombo kinachokwenda mbali kwa kilomita 20 kwa sekunde kinachelewesha saa yake kwa sehemu 67 kwa milioni. Hakuna kipokezi kinachotafuta upana huo kwa kubahatisha huku fotoni ni za kuhesabu. Kasi hiyo hutabiriwa na kuondolewa kabla. Kwa hiyo kosa unalolitafuta ni la utabiri.

Kosa likibaki lilelile zamu nzima, shuku saa ya chombo, ambayo joto hubadilisha kasi yake, au namba ya urekebishaji iliyochakaa. Sahihisha kwa kipimo ulichokipata kwenye utafutaji wa hatua, kisha endelea na kazi.

Kosa likibadilika ndani ya zamu, lichore kwa saa. Ukipata mkunjo unaoanza na saa inayofika haraka mno chombo kinapochomoza mashariki, unaopita sifuri chombo kikiwa kwenye meridiani (mstari wa kaskazini hadi kusini unaopita utosini), na kuishia na saa inayofika polepole mno kikizama magharibi, utabiri umetengenezwa kwa kitovu cha Dunia badala ya kituo. Mzunguko wa Dunia humbeba mtu wa Palomar kwa takriban mita 388 kwa sekunde, ambayo ni sehemu 1.3 kwa milioni. Mkunjo wa umbo hilo hauwezi kutengenezwa na joto wala kebo. Ajabu ya kosa hili ni kwamba linajificha: zamu fupi ikiwa imepangwa katikati, karibu na meridiani, mashine inashika vizuri, watu wanasherehekea, na wiki inayofuata zamu ya alfajiri inashindwa bila kitu chochote kubadilishwa.

Kama hakuna kosa la kasi na bado hakuna bonde, angalia upana wa nafasi. DSOC ina upana kuanzia nusu nanosekunde hadi nanosekunde 8, na chombo kinaweza kuwa kimeamriwa kubadilika kwa saa ambayo kituo hakikuambiwa. Kunja mihuri ileile kwa kila upana unaoruhusiwa. Ni kazi ya dakika chache kwa kompyuta na inafunga mjadala.

Halafu kuna kufifia kwa majuma. Kasi ileile ya kilomita 20 kwa sekunde inahamisha wimbi la nanomita 1,550 kwa nanomita 0.1. Kichujio kinachokata mwanga wa mchana ni chembamba, cha sehemu chache za kumi za nanomita, kwa hiyo mwanga wa chombo unaweza kusogea kidogo kidogo hadi ukingoni mwake kadiri mwendo unavyobadilika. Fotoni zinapungua kila wiki kuliko umbali unavyoeleza, sakafu ya bonde inabaki palepale, na kila mtu analaumu vumbi kwenye kioo. Rekebisha kichujio kwa joto au kwa pembe, ukifuata jedwali la kasi.

Dalili: bonde safi, mafungu hayapatikani

Hapa ni mipangilio tu. Ukubwa wa kundi, kiwango cha msimbo, idadi ya marudio ya kila kundi, na alama ya mwanzo wa fungu. Viwango vya CCSDS, kamati ya kimataifa ya mifumo ya data za anga, vimeweka wazi maana ya kila kimoja, na pande mbili zikitofautiana kwa kimoja tu hakuna linalosomeka. Linganisha faili la kituo na amri iliyopakiwa kweli chomboni. Likishindikana, jaribu kuteleza nafasi moja kushoto na moja kulia: mzunguko mmoja wa saa uliopotea wakati wa wingu fupi husukuma kila pigo kwa nafasi moja, na kwenye histogramu bonde husogea nafasi moja tu, ni rahisi kutoliona.

Dalili: inashika, inaachia, inashika

Pima muda wa kila kuachia kabla ya kutafuta sababu.

Kuachia kwa milisekunde chache bila mpango ni hewa. Tabaka za joto na baridi huvunja mwanga na kuuunganisha, na hata leza za ardhini haziponi hapo. Wale wa Taara, mradi wa intaneti kwa leza wa kampuni ya Alphabet, waliounganisha Brazzaville na Kinshasa kwa mwale juu ya Mto Kongo mwaka 2021 walikuwa na kilomita 5 tu za hewa ya kupambana nayo. Fungu la msimbo la DSOC lina biti 15,120. Kwa mpangilio wa megabiti 267 fungu zima linapita katika mikrosekunde 38 hivi, kwa hiyo kufifia kwa milisekunde moja kunameza mafungu 26 mfululizo. Ndiyo sababu mapigo huchanganywa kabla ya kurushwa, ili hasara isambae kwa mafungu mengi na kila moja liumie kidogo. Ukiona mafungu yanakufa kwa makundi badala ya mmoja mmoja, kichanganyaji ni kifupi mno kwa hewa ya usiku huo, au hakijawashwa. Kumbuka pia kwamba baada ya kila kuachia kwa kweli, kichanganyaji kinahitaji kujaa upya. Takataka zinazotoka mara tu baada ya kushika si kosa jipya, zisubiri ziishe.

La pili ni kitanzi cha saa chenyewe, yaani sehemu ya kipokezi inayoifuata saa inayofika. Kikiwekwa chepesi mno kinafuata kelele wakati mwanga umefifia, na mwanga unaporudi kimeshapotea njia. Kikiwekwa kizito mno hakiwezi kufuata Doppler. Dawa ni kukiambia kitulie, kiendelee kwa kasi ya utabiri kila hesabu ya fotoni inaposhuka chini ya kiwango, badala ya kukiacha kitafute gizani. Utabiri ukiwa mzuri kinaweza kukaa hivyo kwa sekunde kadhaa na kuendelea kana kwamba hakuna kilichotokea.

Kuachia kwa mdundo wa kudumu si hewa. Hewa haina mdundo. Tafuta kinachozunguka: magurudumu ya mwelekeo ndani ya chombo, pampu ya kupozea kigunduzi, mota ya kuba. Pima masafa ya mdundo, kisha orodhesha kila kitu kinachozunguka kwa masafa hayo. Mdundo unaobadilika chombo kinapobadilisha mkao ni wa juu. Usiobadilika ni wa kwako.

Dalili: mwanga ni mwingi na matokeo ni mabaya zaidi

Watu hawaamini hadi waone. Uzi mmoja wa kigunduzi, ukishagongwa na fotoni, unakuwa kipofu kwa makumi ya nanosekunde. Kundi zima kwenye mpangilio wa kasi ni nanosekunde 10. Kigunduzi cha Palomar kimegawanywa sehemu 64 ili kipofu mmoja asizuie wengine, lakini usiku wa hewa tulivu doa la mwanga linakuwa dogo na kuangukia sehemu chache tu. Hapo fotoni nyingi zinagonga nyuzi zilizolala. Linganisha hesabu za sehemu zote 64: chache zikiwa zimefika kikomo na nyingine zikiwa karibu na sifuri, panua doa kidogo kwa kuvuruga fokasi. Ndiyo, kuharibu picha ili data iwe nzuri.

Ukiwa hapohapo, chora histogramu ya kila sehemu peke yake. Kila sehemu ina kebo yake, na ishara husafiri kwenye kebo ya koaksia kwa takriban nanosekunde 5 kila mita. Sentimita 10 za ziada ni nusu nanosekunde, yaani nafasi nzima katika mpangilio wa kasi. Kebo moja ikibadilishwa na ndefu kidogo, sehemu hiyo inaandika kila pigo kwenye nafasi ya jirani. Katika histogramu ya jumla utaona ukuta mmoja wa bonde umelala kidogo tu, na kisimbuzi kinachokataa mafungu bila sababu ya wazi. Katika histogramu za peke yake, bonde la sehemu yenye kosa litakuwa limesogea huku mengine yamejipanga. Andika ucheleweshaji wa kila sehemu kwenye jedwali la urekebishaji, na upime upya kila mtu anapochomoa kitu.

Vyombo vya mzunguko wa chini

Hapa fotoni si shida na safari ya mwanga ni milisekunde. Adui ni haraka. Chombo kilicho karibu kilomita 530 juu kinaweza kukaribia kwa takriban kilomita 7 kwa sekunde, na kwa vipokezi vinavyolinganisha mwanga na leza ya ndani, hilo ni gigahezi 4.5 za kuhama kwa masafa ya mwanga wenyewe. Kikipita juu ya kichwa, kuhama huko kunabadilika kwa karibu megahezi 70 kila sekunde. Dalili yake ni kiungo kinachoshika vizuri kikichomoza, kinaachia utosini, kisha kinashika tena kikishuka. Leza ya ndani inafuata polepole mno. Ipe utabiri wa kasi na mabadiliko yake, isisubiri kukosea ndipo isahihishe.

Kufifia kwa hewa kunatatuliwa kwa njia nyingine pia huku. TBIRD, kifaa cha leza cha NASA ndani ya setilaiti ndogo iliyorushwa Mei 2022 na kufikisha gigabiti 200 kwa sekunde Aprili 2023, iliomba tena fremu zilizopotea badala ya kutegemea kichanganyaji kirefu. Kwa hiyo kwenye mfumo wa aina hiyo, data ikipungua huku mwanga ukiwa mzuri, kagua njia ya kupanda. Maombi ya kurudia yasipofika chomboni, chombo kitaendelea kurudia fremu zilezile, na kipokezi chako kitaonekana kimeshika kwa asilimia mia bila kuleta kitu kipya.